DENI LA TALANTA ELFU KUMI

Somo: Matayo 18:21-35. Musome tena Zaburi 103, Luka 19:1-10 na Waroma 12:17-21.



Somo la leo tumelichukua kwa majirani. Wakatoliki, tangu mwaka 1969, wana mupango wa masomo ya siku ya Yenga unaozunguka kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wanafuata zaidi Injili ya Matayo, wa pili Marko, wa tatu Luka, kisha wanarudia mwanzo. Ndiyo maana mutu anayeingia misa Lubumbashi na mwingine anayeingia misa Roma, siku moja, wanasikia Injili moja. Katika Yenga ya 24 ya ule mwaka wa Matayo wanasoma habari ya mutumwa aliyesamehewa deni kubwa na akakataa kusamehe deni dogo. Mbele ya Injili wanasoma kitabu cha Yoshua bin Sira, mwisho wa sura 27 na mwanzo wa sura 28, ambacho katika Biblia nyingi za Waprotestanti hakimo. Pale yule muzee anauliza namna gani mutu anayelinda hasira juu ya mwenzake anaweza kumwomba Bwana dawa ya kupona. Wengine watauliza: juu ya nini tunasoma kitabu kisicho chetu? Maji ya kisima ukiwa na kiu hauulizi nani alikichimba. Tena ulizo la muzee Sira na ulizo la Petro ni moja.

Petro anauliza: nimusamehe ndugu yangu mara ngapi, mara saba? Tusimucheke Petro. Mara saba ni nyingi. Nani kati yetu alisamehe mutu yuleyule, kosa lilelile, mara saba? Lakini Yesu anamujibu kwa hesabu inayopita vidole na vya mikono na vya miguu, sabini mara saba. Musome pia Mwanzo 4:24. Pale Lameki anajisifu mbele ya wake zake kwamba kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba. Lameki alizidisha kisasi, Yesu anazidisha musamaha. Hesabu ni kama ileile, lakini njia imegeuzwa.

HESABU YENYEWE

Wengi tunasoma mufano huu mbio, tunasema: mumoja alikuwa na deni kubwa, mwingine deni dogo, basi. Tukae kidogo tuhesabu, sababu Yesu alitaja vipimo kwa makusudi.

Dinari moja ilikuwa mushahara wa siku moja wa mufanyakazi. Tunaiona katika Matayo 20:2, kwa wale watu wa shamba la mizabibu. Talanta moja ilikuwa karibu dinari 6.000. Kwa hiyo talanta 10.000 ni dinari milioni 60. Mutu akitumika siku 300 kwa mwaka, asile, asivae, asilipe nyumba, asipeleke mutoto masomoni, atamaliza kulipa kisha miaka 200.000. Na huyu mutumwa anapiga magoti, anasema: univumilie, nitakulipa yote. Yote! Hapa ndipo tunaona kwamba hakuelewa hali yake. Hakuomba rehema, aliomba muda. Mufalme ndiye aliyempa kitu asichokiomba.

Sasa deni la pili. Dinari 100 ni siku 100 za kazi, karibu miezi minne kama mutu anapumzika siku ya Yenga. Wahubiri wengi wanasema kwamba deni hili lilikuwa bure, kitu kidogo tu. Sisi hatukubali. Mushahara wa miezi minne si kitu kidogo katika Bel-Air. Mama anayeuza unga na mafuta mbele ya parseli yake, na ndani ya daftari lake wateja wameandikwa ukurasa kwa ukurasa, anajua uzito wa dinari 100. Kama wateja watatu hawalipi, hawezi kurudi sokoni kununua unga mwingine, na biashara imekufa. Yesu hakusema kwamba makosa tunayotendewa hayana uzito. Yana uzito. Alisema tu tuyaweke karibu na yale ya mufalme, tuone. Kati ya deni moja na lingine, la kwanza linapita la pili mara 600.000.

Mutu akimuambia mwenye kuumizwa «samehe tu, ni jambo dogo», anamudanganya, na tena anapunguza musamaha wenyewe. Kitu kidogo hakisamehewi, kinasahauliwa. Kinachohitaji musamaha ni kile kinachouma.

Tuangalie tena jambo lingine ambalo linatushangaza kila mara. Yule mutumwa alimukamata mwenzake kwa shingo na akamutia katika gereza mpaka atakapolipa. Mutu aliye katika buloko anatumika wapi? Atapata wapi feza? Kumufunga mudeni ni sawa na kuchoma shamba sababu mavuno yamechelewa. Kwa hiyo yule mutumwa hakutafuta dinari zake 100. Alitafuta kuona mwenzake anaumia. Tukiwa na neno na mutu, tujipime hapa: tunataka jambo litengenezwe, ao tunataka yeye aumie? Mara nyingi sisi wenyewe hatujui mpaka siku anapokuja kulipa, na tunasikia uchungu kwamba amelipa.

MAMBO MATATU YA MUFALME

Musome mustari wa 27 polepole. Mufalme alifanya mambo matatu, si moja. Alisikia huruma ndani yake. Alimufungua yule mutumwa. Alimusamehe deni lake. Huruma ya moyo, mulango uliofunguliwa, na karatasi ya deni iliyopasuliwa. Wengi wetu tunafika kwa la kwanza na tunasimama pale. Tunasikia huruma, tunasema «masikini», tunapita.

Muji wetu wa Lubumbashi unajua rehema iliyosimama njiani. Katika mwezi wa Oktoba 1921, kule Thysville ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, baraza la kiaskari lilimuhukumu Simon Kimbangu wa Nkamba viboko 120 na kifo. Kazi yake ya kuhubiri na kuombea wagonjwa ilikuwa imeanza mwezi wa Aprili mwaka uleule. Wamisionari wamoja Waprotestanti walimuombea asiuawe. Mufalme wa Wabeljiji, Albert wa Kwanza, akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamuleta mbali na kwao, hapa Katanga, muji ulipoitwa Élisabethville. Hapa alifungwa miaka 30, na hapa alikufa tarehe 12 Oktoba 1951. Hakurudi Nkamba akiwa hai.

Hatuandiki hii kwa kuwasha hasira juu ya Wabeljiji. Wale waliohukumu wamekwisha kwenda mbele ya Muhukumu wao. Tunaandika sababu ni mufano mwema wa kusomea mustari wa 27. Kumwachia mutu roho yake ni kitu kikubwa, hatukatai. Lakini mulango haukufunguliwa. Ile rehema ilifika kwa jambo la kwanza, ikakawia kwa la pili kwa muda wa miaka 30. Sasa tuangalie nyumbani. Ni wangapi tuliowaambia «nimekusamehe», halafu tukawafunga? Dada aliyezaa mbele ya ndoa, akatubu mbele ya kanisa, na kisha miaka kumi bado tunamutaja kwa jina la kosa lake. Kijana aliyeiba, akarudisha, na mpaka leo hakuna anayemutuma hata kununua chumvi. Tuliwaondolea hukumu ya kifo na tukawapa kifungo cha maisha.

KUSAMEHE SI KUKUBALI

Hapa kuna hatari upande wa pili, na sisi mashemasi tunaikuta mara nyingi katika mashauri ya nyumba. Mwanamuke anapigwa, anakimbia kwa wazazi, na wazee wanamuambia: wewe ni Mukristo, samehe, rudi. Anarudi, anapigwa tena. Je, Matayo 18 inasema hivyo? Hapana. Tumutazame mwanamuke mumoja wa inchi yetu aliyefundisha jambo hili kwa damu yake.

Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, mwisho wa mwaka 1939. Aliingia shirika la masista la Jamaa Takatifu kule Bafwabaka, akafanya nadhiri mwaka 1959. Mwisho wa Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waasi waliwachukua masista kwa kamio mpaka Isiro. Huko mukubwa mumoja wa waasi alimutaka Anuarite awe muke wake. Akakataa. Kisha kolonele Pierre Olombe akataka kumuchukua yeye mwenyewe. Akakataa tena, akasema afazali kufa. Olombe alimupiga vikali, akaamuru achomwe, akamupiga risasi. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Hakuwa bado na miaka 25. Wenzake walishuhudia kwamba mbele ya kufa alimuambia muuaji wake kwamba anamusamehe sababu hajui anachofanya, kama vile Bwana wetu alivyoomba musalabani (Luka 23:34).

Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yoane Paulo wa Pili alikuja Kinshasa na kumutangaza Mwenyeheri. Katika mahubiri ya siku ile alisema kwamba, kama vile Anuarite alivyosamehe, yeye pia kwa jina la Kanisa lote anamusamehe yule aliyemuua. Tunaomba musomaji aangalie neno hili, sababu kusamehe hadharani mutu mwenye jina linalojulikana ni kazi nyingine kabisa kuliko kusema «tusameheane wote» mwisho wa ibada.

Sasa tufuate utaratibu wa mambo yake. Alikataa. Akasimama katika kukataa kwake mpaka mwisho. Kisha akasamehe. Hakuchanganya mambo haya. Kukataa kwake hakukuwa chuki, na musamaha wake haukuwa kukubali. Mutu anaweza kusema «hapana» kwa uovu na kusema «nakusamehe» kwa muovu, kwa kinywa kimoja, saa moja. Kwa hiyo mama anayepigwa anaweza kumusamehe mume wake moyoni na asirudi katika nyumba ile mpaka yule mume abadilike na watu washuhudie. Asirudi. Anaweza kwenda kwa polisi, na bado amesamehe. Wazee wanaomusukuma arudi wasiite jambo lile huruma. Sisi tunaliita uvivu wa wazee, sababu kumurudisha mwanamuke ni kazi ya dakika kumi, na kumurekebisha mwanaume ni kazi ya miaka.

Wakatoliki wana neno kwa nguvu ya namna hii, wanasema «fazila». Fazila ni wema ambao mutu ameuzoea mpaka unakuwa kama tabia ya kuzaliwa nayo. Wanahesabu tatu zinazotoka kwa Mungu, imani, matumaini na mapendo, na nne zinazokuwa kama nguzo: busara, haki, nguvu ya moyo na kiasi. Mutu hapati nguvu ya moyo siku ile ya kolonele. Anaipata katika siku ndogondogo za mbele. Mutumwa wa Matayo alipata rehema siku moja, lakini hakuwa na fazila ya rehema. Ilimupita kama mvua inavyopita juu ya mabati, saa ileile nyumba imekauka.

NANI ANAWEZA KUFUTA DENI?

Mufalme alifuta deni la nani? Deni lake mwenyewe. Talanta zilikuwa zake. Hakuchukua feza ya mwingine na kuisamehe. Jambo hili ni wazi, lakini katika inchi yetu limesahauliwa.

Tunasikia kila siku, kwa barabara, kwa ofisi, kwa mupaka: «Chef, unihurumie.» «Papa, unisaidieko.» Na yule mwenye kazi ya kukagua anafunga macho, anapokea kitu kidogo, na wote wawili wanaita jambo hili kusaidiana. Katika Katanga tunakula unga mwingi unaopita Kasumbalesa. Tuseme mufanyabiashara amefika na mifuko iliyoharibika, na anayekagua anamuhurumia. Alisamehe kwa mali ya nani? Kwa tumbo la mutoto wa Bel-Air atakayekula ule bukari.

Floribert Bwana Chui alielewa hii. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akawa katika jumuiya ya Sant'Egidio iliyokuwa inashugulikia watoto wa barabarani. Akapata kazi katika OCC, ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa, kwa mupaka wa Goma. Waliokuwa na chakula kilichoharibika walitaka akipitishe, wakamupa feza. Akakataa. Wakarudi, akakataa tena. Mwezi wa Julai 2007 alichukuliwa kwa nguvu, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri kule Roma, katika basilika ya Mutakatifu Paulo.

Wengine watasema: huyu ni habari ya haki, si ya huruma. Sisi tunaona kwamba ni huruma yenyewe. Aliwahurumia watu asiowajua, ambao hawakujua hata kwamba wako katika hatari. Huruma kwa mutu aliye mbele yako, anayelia na kukuonyesha feza, ni rahisi. Huruma kwa wale wasioonekana inahitaji imani, na mara nyingine hakuna anayekushukuru.

MWAKA 1992 NA 1993

Tunafika sasa mahali pagumu, na kama tungekuwa waoga tungemaliza somo hapa.

Mwaka 1992, kuanzia Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga. Walikuwa watu waliozaliwa hapa, wengine wazazi wao pia walizaliwa hapa, wafanyakazi wa migodi na wa reli, walimu, wauguzi. Walilala miezi kwa stasyo wakingojea gari la moshi, watoto walikufa pale kwa njaa na magonjwa, wengine walikufa ndani ya mabehewa mbele ya kufika Kasai ambako wengi hawakuwa wamekanyaga hata siku moja. Jirani alimufukuza jirani. Wakristo walifukuza Wakristo, na siku ya Yenga waliimba.

Wengi wanasema: mambo ya zamani, tuyaache, wakati umekwisha kusamehe. Wakati hausamehi. Wazee wanakumbuka Oktoba 1993, Serikali ilipoleta zaire mupya: zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire moja. Mutu aliyekuwa na deni la mamilioni aliweza kulilipa kwa noti moja, na yule aliyemukopesha akabaki analia. Sufuri zilifutwa. Lakini nani alisamehewa? Hakuna. Wakati ni kama ile feza mupya, unafuta hesabu katika kitabu na uchungu unabaki.

Tena, kwa kufuata lile tuliloona juu ya mufalme, sisi tuliobaki hatuwezi kufuta deni hili. Si letu la kufuta. Ni la wale waliolala kwa stasyo. Wao ndio wenye karatasi mukononi. Wako waliorudi, wanaishi kati yetu, wanasali pamoja nasi, na wengi hawasemi neno. Kunyamaza kwao tusikuite musamaha kabla wao hawajakuita hivyo. Matayo 18 haianzi na musamaha, inaanza katika mustari wa 15 na kuonyana, ndugu na ndugu, wawili peke yao, kusema jambo lilivyokuwa. Kisha ndipo Petro anauliza ulizo lake. Sura ina utaratibu wake.

Na kuna nyumba. Wakati ule parseli nyingi ziliachwa, ao ziliuzwa kwa bei ya mufuko wa unga, sababu mwenye nyumba alikuwa na siku moja ya kuondoka. Hatutaji mutu. Lakini kama katika kanisa letu kuna mutu anayelala katika nyumba ya namna ile, ao aliyeirithi kwa baba yake, asome Luka 19:1-10. Zakayo hakusema tu «nisameheni». Alisimama akasema atarudisha mara nne. Wakatoliki wanafundisha hivyo mpaka leo: mutu aliyeiba, akiungama, anapaswa kurudisha. Tumesikia wandugu wakisema kwamba katika Kristo yote yamefutwa. Ndiyo, mbele ya Mungu. Mbele ya mwenye nyumba, bado. Kama mwenyewe hayuko tena, ana watoto. Kama nyumba haiwezi kurudi, kuna namna nyingine ya kuwatendea haki: kuwaendea, kukubali mbele yao, kuwauliza wanataka nini. Baraza la mashemasi liko tayari kumusindikiza mutu anayeogopa kwenda peke yake, na halitaandika jina lake popote.

Kwa wale waliofukuzwa, hatuna amri ya kuwapa. Tuna tu jambo moja la kuwaeleza. Mwanzo wa Februari 2023, Papa Fransisko alipokuja Kinshasa, aliongoza misa kwa uwanja wa ndege wa Ndolo mbele ya watu zaidi ya milioni moja, akawaomba Wakongomani wape mioyo yao musamaha mukubwa, kama vile Serikali inavyofungulia wafungwa. Mangaribi ya siku ileile alipokea watu waliotoka mashariki, waliokatwa viungo, waliobakwa, walioona jamaa zao wakichinjwa. Walisimulia yote kwanza, hawakuficha kitu. Kisha waliweka chini ya musalaba vitu vya kazi ile mbaya, panga na vinginevyo, wakasema kwamba wanasamehe. Papa yule amekwisha kufa, tarehe 21 Aprili 2025, na vita ya mashariki haikuisha siku ile. Lakini wale watu hawakungojea vita iishe, na hakuna aliyewafunga kinywa ili wasamehe. Walisema, halafu wakaweka chini.

Inabaki mustari wa mwisho wa somo, wa 35, ambao watu wengi hawaupendi. Yesu anasema kwamba Baba atawafanya vilevile wale wasiosamehe kutoka moyoni. Tusiulainishe. Lakini tuangalie kwamba mufalme hakurudisha deni juu ya yule mutumwa kwa sababu alishindwa kulipa. Alilirudisha sababu aliona kwamba rehema haikuingia ndani yake. Mukono uliofungwa kumushika mwenzake kwa shingo hauwezi kupokea kitu.

MAULIZO KWA VIKUNDI

Musome maulizo haya nyumbani kwanza, kisha muyazungumuze siku ya Tano kwa maombi. La pili na la nne yanaweza kuumiza. Musimulazimishe mutu kusema.

1. Katika mambo matatu ya mufalme (mustari wa 27), ni lipi kikundi chenu kinashindwa zaidi kwa wale waliotubu?

2. Kuna mama ao dada katika kikundi anayerudishwa katika nyumba anamopigwa? Nani atakwenda kuzungumuza na mume, na lini?

3. Wale wenye kazi ya kukagua, kupima, kusahihisha mutihani ao kutia sahihi: wiki hii mulifuta deni gani lisilokuwa lenu?

4. Kwa wenye daftari la madeni: chagua jina moja ndani yake, la mutu asiyeweza kabisa kulipa. Utamuambia nini, na utamuambia mbele ya nani?